Safari ya Mzee Saulo Kwenda Ipogolo

Wahenga waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakuwa wakizungumzia vitanda tu. Walimlenga mtu kama Mzee Saulo, ambaye shingo yake ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe.

Mwaka 1977 Saulo alikuwa mzee wa kanisa katika kijiji kimoja cha milimani, juu ya mji wa Mbeya. Aliyajua Maandiko, na hakuchoka kuwajulisha watu kwamba anayajua. Miaka sita nyuma alikuwa amemfukuza Asukile, mwanawe wa pekee, kwa kosa la kuacha masomo ya uinjilisti na kwenda kujifunza ufundi wa magari. "Akijirudi, mlango anaujua," alisema. Kila mtu alijua kwamba kijana yuko Ipogolo, kule Iringa, akitengeneza malori, lakini nyumbani jina lake halikutajwa tena. Mkewe Saulo, Tusekile, alilia mpaka akazoea. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho lake moja na kuanza la pili, na ombi lake lilikuwa moja tu: amwone mwanawe kabla giza halijamfunika kabisa.

Jumapili moja Saulo alifundisha ule unabii wa Waebrania waliopelekwa uhamishoni, kwamba Mungu aliyewatawanya ndiye atakayewakusanya na kuwarudisha kwao. Akaeleza kwamba waliotawanyika wakishatubu, watarudi wenyewe. Kwenye benchi la nyuma aliketi Masunga, mfugaji Msukuma aliyehamia bonde la Usangu, ambaye alikuwa amepanda milimani kutafuta viazi vya mbegu. Akainua mkono.

"Samahani, mzee. Mimi sikusoma," alisema. "Lakini sisi wafugaji, ng'ombe zetu tunazitawanya. Hizi kwa shemeji, hizi kwa rafiki, ili ugonjwa ukiingia zizi moja zisiishe zote. Na ng'ombe uliyempeleka kwa watu harudi mwenyewe hata siku moja. Aliyempeleka ndiye anafunga safari kumfuata. Wewe umetusomea kwamba aliyetawanya ndiye atakusanya. Sasa mbona unangoja ng'ombe ajilete?"

Watu wakacheka. Saulo aliona haya kufundishwa Maandiko na mtu anayenuka samadi, akafunga ibada kwa sala fupi kuliko kawaida yake, jambo ambalo wengi walilifurahia. Lakini nyumbani aliisoma tena aya ile mara tatu, na kila mara neno la mfugaji lilibaki palepale. Ikiwa Mungu mwenyewe huwafuata aliowatawanya, yeye Saulo alikuwa nani hata angoje mlangoni?

"Mama Asukile," aliita, na Tusekile akashtuka kulisikia jina hilo. "Masunga amenishinda. Kesho nakwenda Ipogolo."

"Nenda, baba," Tusekile alijibu. "Ila usimhubirie."

Saulo alishuka kwenye basi akaelekezwa gereji moja kando ya barabara kuu. Chini ya lori la mpunga ilitokeza miguu miwili yenye ndala.

"Asukile," aliita.

Nyundo ilinyamaza, lakini hakutoka mtu. Saulo alisimama kitambo, ameshika fimbo yake, amevaa suruali yake ya kanisani. Kisha akapiga magoti kwenye udongo uliolowa oili, akaiinamisha ile shingo, akachungulia.

"Mwanangu, aliyekutawanya ni mimi. Nimekuja kukuchukua."

Asukile alimtazama. "Baba, suruali yako inachafuka," alisema, akatambaa akatoka chini ya lori na kumwinua.

Walipofika nyumbani, Tusekile alimshika mwanawe mashavu, akamgeuza kwenye mwanga, upande wa jicho lililobaki.

"Umekonda," alisema. "Lakini nimekuona. Asante Mungu, nimekuona."

Jumapili iliyofuata Saulo alisimama mbele ya kanisa akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru Masunga kwa jina lake na kumwita mwalimu. Madoa ya oili yalikuwa bado magotini mwa suruali ile. Hayakutoka kamwe, wala Saulo hakuyaonea haya, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.