Kwa Nini Bakuli la Achari Halifunikwi

We Mwanakheri, acha kawa hiyo! Wali funika, mchuzi funika, samaki funika. Achari iache wazi. Endeleeni kumenya vitunguu niwaambie sababu, na asiniulize mtu nimeyajuaje.

Zamani hizo pilipili, ndimu na ukwaju vyote viliishia chunguni. Hakuna aliyejua kitu cha kuwekwa pembeni, mlaji ajitilie apendavyo. Ndipo Athmani akaoa ng'ambo, akamleta Zaituni na mtungi wake mdogo uliofungwa kitambaa mdomoni. Kwao Zaituni, embe mbichi zilitiwa chumvi, pilipili na manjano, zikaanikwa juani, zikaliwa kidogo kidogo kando ya wali.

Mama mkwe wake, Bi Mwanate, hakuupenda mtungi ule hata kidogo. Kila ulipofunguliwa, yeye yupo mlangoni anachungulia. Alimwona Athmani akila huku anatabasamu, akaguna, "Chakula gani hiki cha kumchekesha mwanamume? Mwanangu kalishwa dawa!" Akaacha kula cha mke wa mwanawe, akawa anashindia tende na maji. Loo, roho ya mtu!

Adhuhuri moja pakasikika ukelele. Bi Mwanate kashika macho, mekundu, machozi yanamtiririka. "Nimepofuliwa! Kanipulizia uchawi! Athmani, mwandikie talaka yake leo hii, ama mimi si mama yako!"

Athmani akashika kalamu. Majirani wakajaa ukumbini. Zaituni alilia sana, maana kwao ni mbali, na pale hakuwa na ndugu. Kisha akachota maji, akamshika mama mkwe mkono ili amnawishe. Chini ya ukucha wa kidole cha shahada akaona manjano.

"Mama," akasema polepole, "mtungini mwangu ulikuwa ukitafuta nini?"

Bi Mwanate akakificha kidole. Alikuwa ametia kidole kutafuta hirizi, kisha akajifikicha macho. Athmani akaitupa kalamu.

Zaituni hakumcheka. Alimnawisha, akamimina achari bakulini, akaiweka katikati ya sinia bila kawa, akala yeye kwanza. Bi Mwanate akamtazama mpaka alipomeza. Akangoja. Akaonja kidogo. Siku hiyo alikula sahani mbili za wali.

Na tangu siku hiyo achari hukaa kando ya wali, wazi, na aliyeileta huonja kwanza mbele za watu.

Na wewe Mwanakheri, mbona macho mekundu? Vitunguu? Haya. Hebu nionyeshe kidole.