Kwa Nini Watu wa Igombero Huzunguka Ufuo Kabla ya Kuketi

Hapo kale, mji wetu wa Igombero ulikuwa umelipa ziwa mgongo. Nyumba zote zilitazama barabara. Kule nyuma palikuwa na maghala ya pamba yaliyobomoka, vyuma chakavu, na uzio wa mabati uliotoboka. Mtu mzima alifika huko kumwaga taka tu. Watoto ndio waliopenya kwenda kucheza.

Mmoja wao alikuwa Kabula, binti wa Nyanjura mshona nguo. Mchana mmoja aliteleza kwenye vyuma akatumbukia majini. Wenzake walipiga mayowe, wakagonga mabati, lakini soko lilikuwa limechangamka na hakuna aliyewasikia. Alipotolewa, alikuwa ameshakata roho.

Baada ya matanga, Nyanjura hakutulia. Akikaa kwenye cherehani, anainuka, akilala, anainuka. Asubuhi moja akaenda ufuoni, akaanza kung'oa mabati. Mdogo wake, Milembe, akamfuata mbio.

"Dada, rudi nyumbani upumzike. Watu wanasema umerukwa na akili."

"Waache waseme. Mabati haya ndiyo yaliyonifichia mtoto."

Milembe akajifunga kanga kiunoni, akashika upande wa pili wa bati.

Wakaja akina mama wengine, wakaja wachukuzi wa sokoni, wakazoa taka. Halmashauri nayo ikatuma fundi arudishe uzio. Nyanjura akasimama kwenye pengo.

"Baba, ukiziba hapa, mwanao akilia utamsikia?"

Fundi aliyatazama maji. Akapakia mabati garini, akaondoka nayo. Mwishowe halmashauri ikakubali pafanywe bustani, ikaleta udongo, nyasi na miche ya miti.

Siku ya kufungua bustani, Nyanjura aliwekewa kiti cha mbele. Hakukikalia. Alitembea ukingoni huku na huko, akimfuata kwa macho kila mtoto aliyesogelea maji. Watu wakaona vigumu kuketi yeye akihangaika. Wakainuka mmoja mmoja, wakaandamana naye, na mgeni rasmi akabaki na hotuba yake mkononi.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Anayefika pale, hata bibi harusi na shela lake, huzunguka kwanza ukingo mzima akitazama majini, ndipo atandike mkeka. Na mtoto akilia, hatuulizi ni wa nani. Tunainuka wote.