Kura ya Uungwana

Kwa nini tajiri wa mbao atamani uchifu wa kijiji kilichomo ndani ya mchezo wa kompyuta, ni fumbo ambalo msimulizi hajalifumbua. Ila Bwana Mashauri wa Tabora aliutamani. Alifungua akaunti thelathini katika mchezo huo, akaitegesha kibodi yake: akibonyeza kitufe kimoja, wanakijiji wake wote thelathini hufanya jambo lilelile kwa pamoja.

Siku ya uchaguzi alimwambia mpinzani wake, Nyamizi msusi, mbele ya wachezaji wote:

"Binti, nikishinda, shamba lako la mpunga litakuwa malisho ya farasi wangu."

"Utashinda, mzee. Naomba uungwana tu: nikupigie wewe kura yangu, nawe unipigie yako. Au unaiogopa kura moja?"

"Mimi? Niogope kura moja?" Alicheka, akabonyeza jina la Nyamizi.

Kompyuta ikatangaza: Mashauri, moja. Nyamizi, zote zilizobaki.

"Nilikusudia moja tu!" Mashauri alipiga kelele. "Wale thelathini wote ni mimi!"

"Basi shikamooni, wazee," alisema Nyamizi.

Wachezaji wakaamua kura isirudiwe, na kila mtu abaki na akaunti moja. Aliyezifuta zile za ziada ni Mashauri mwenyewe, moja baada ya nyingine, wote wakimtazama.