Bangili ya Bi Nyamvula

Sogeeni karibu, na anayesinzia aamke, maana mwishoni nitawauliza.

Bi Nyamvula alikuwa na watoto watatu. Mwanatumu, wa kwanza, alifanya kazi hospitali, akajua kusoma mawimbi ya ubongo kwa kofia ya nyaya. Ndaro, wa pili, alipiga ngoma hata mtoto mwenye homa akatulia. Mejumaa, kitinda mimba, hakuwa na ujuzi wa kutajwa. Alikuwa na subira tu.

Kiharusi kilimpiga mama yao kikamnyang'anya upande wa kushoto. Macho yalikuwa mazima, ila kilichokuwa kushoto kwake, kwake hakikuwapo. Alikula nusu ya sahani akalalamika amepunjwa. Kisha akaanza kuililia bangili yake ya harusi.

"Mejumaa, umeniibia!"

"Umeivaa, mama. Hii hapa." Mejumaa akauinua mkono wa kushoto wa mama, akauleta upande wa kulia.

Bi Nyamvula akautupia jicho. "Huo si mkono wangu. Umeiba, ukamvisha maiti! Atakayenirudishia bangili, ni yake, na radhi zangu ni zake. Wewe sikuwii radhi."

Mejumaa alikatika maini. Mama alikuwa anakwisha, naye angezikwa bila kumsamehe. Hata hivyo aliendelea kumwosha, kumlisha, na kuukanda mkono ule ule uliomponza.

Mwanatumu akaja, akamvisha mama kofia, akatazama mawimbi mpaka macho yakamuuma. "Kulia kwa kichwa ndiko kunakoangalia kushoto," akasema. "Hapo kuna wimbi. Likivimba, mama haoni upande ule. Likinywea, mlango unafunguka kidogo."

"Linanywea lini?" akauliza Ndaro, aliyekuja na ngoma yake.

"Halina mpango."

"Basi tulipe mpango," Ndaro akasema. Akapiga ngoma asubuhi nzima, dada yake akimwongoza, punguza, ongeza, hata wimbi likaanza kuifuata ngoma.

Kila liliponywea Mwanatumu aliita, "Sasa!" na Mejumaa akaubonyeza mkono. Hakuna kitu. "Sasa!" Hakuna. Viganja vya Ndaro vikachubuka.

"Sasa!"

Bi Nyamvula akageuza shingo kushoto. Akautazama mkono, machozi yakamtoka. "Kumbe ni wangu! Na bangili yangu..." Akavuta pumzi. "Mwanangu..."

"Labeka, mama!" wakaitika wote watatu.

Hakusema tena.

Matanga yalipokwisha, bangili ikawekwa mkekani mbele ya ukoo.

"Bila kofia yangu, nani angejua mlango unafunguka lini?" Mwanatumu akauliza.

"Na bila ngoma yangu, dada, ungefunguka?" akasema Ndaro.

Mejumaa akaisogeza bangili mbele yao. Bangili hakuitaka. Alitaka kujua ni nani ambaye mama alikuwa akimwita, na wa kumuuliza alikuwa kaburini.

Haya, ninyi mliosikia. Mmoja aliuona mlango, mmoja aliufungua, na mmoja alikuwa amesimama mlangoni siku zote akiitwa mwizi. Je, wewe ungempa nani bangili, na hao wawili wengine ungewatazamaje usoni?