Jumbe Mwekambi Avuka kwa Mazimwi

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Basi tulieni. Hadithi hii wengi wanaisimulia, lakini wanaikata mkia. Mimi nawapa kichwa, mkia na manyoya yake.

Palikuwa na Jumbe, mkuu wa nchi ya huku, jina lake Mwekambi. Ng'ambo ya mto wakikaa mazimwi. Mkubwa wao Gugunda, akisimama mawingu yanamkwaruza magoti. Vizazi saba mazimwi wanakamata watu wetu wakienda kuchota maji. Na vizazi saba hakuna mkuu wetu aliyevuka kwenda kusema nao.

Jumbe huyu mama yake alimpiga kago, kinga ya dawa. Zimwi akimuuma, meno yanavunjika. Na yeyote atakayemshika mkono, naye haliwi. Ila kago lilikuwa na mwanya mmoja: akizama mpaka kiunoni katika shimo alilochimba mwenyewe, dawa imekwisha. Siri hiyo aliijua yeye na Chambuso tu. Chambuso alikuwa waziri wake na ndugu yake wa jando moja. Walilala mkeka mmoja, wakapona pamoja.

Siku moja Chambuso akamwambia, "Jumbe, ndugu yangu, vuka ukapatane nao. Watu wanakwisha."

"Wakinigeuka?"

"Mimi si nipo?"

Basi wakavuka, wawili tu. Ngoma za kuwaaga zilipigwa mpaka samaki wakatoa vichwa kutazama. Anayebisha akawaulize samaki.

Siku ya kwanza Gugunda akachinja ng'ombe mia tisa. "Kula, Jumbe, uko kwako." Wakala.

Siku ya pili akachinja mia tisa na mmoja. "Kula, Jumbe, uko kwako." Wakala, wakaongea habari ya mto, na Gugunda akaitikia kila neno.

Jumbe akamshika Chambuso bega. "Ndugu yangu, watoto watachota maji bila kuogopa."

Chambuso akatazama pembeni.

Siku ya tatu Gugunda akaleta jembe. "Kwenu si mnasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Tunajenga nyumba ya baraza letu. Nichimbie shimo la nguzo. Chimba, Jumbe, uko kwako."

Jumbe mtu wa mila. Mgeni wa kwetu akipewa jembe hakatai. Akachimba, akidhani shimo la nguzo halitafika kiunoni. Shimo likamfika vifundoni. Likamfika magotini. Likamfika mapajani. Mazimwi wakaanza kusogea, mate yanawatoka kama masika.

Jumbe akasita. Akalitazama lile jembe. Mazimwi hawalimi, wanakula watu. Jembe wamelitoa wapi?

"Gugunda, jembe hili la nani?"

Akili za zimwi fupi kuliko kucha zake. Akajibu, "La Chambuso. Amesema ukifika kiunoni tuanze. Kiti chako atakaa yeye."

Jumbe akalitupa jembe. Akatoka shimoni, akajipangusa udongo. Gugunda akamrukia, meno ishirini yakamvunjika papo hapo. Jumbe akashika njia ya kwao.

Mazimwi wakamgeukia Chambuso. Nyuma Jumbe akasikia, "Ndugu yangu, nishike mkono."

Jumbe akapiga hatua.

"Jumbe, wananila."

Jumbe akapiga hatua.

"Tulilala mkeka mmoja."

Jumbe akasimama. Akarudi, akamshika mkono. Wakatembea, mazimwi wanawanusa huku na huku, hawathubutu kuuma. Njia nzima Jumbe hakumtazama usoni.

Wakavuka mto. Walipokanyaga nchi yao, Jumbe akauachia ule mkono. Akainama majini, akanawa. Akanawa tena. Akanawa mara ya tatu.

Chambuso akapiga magoti. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Mimi nilikuwa na ndugu," Jumbe akasema. "Nilivuka naye. Sikurudi naye."

Akaenda zake nyumbani. Mapatano hayakuwa, na watu wa huku wakaendelea kuchota maji na mikuki mkononi.

Hadithi yangu imeishia hapo, mwenye ya kuongeza na aongeze yake. Na funzo ni hili: adui hajui pa kukupiga mpaka aonyeshwe, na wa kumwonyesha ni yule uliyemwambia. Siri ya uhai wako kaa nayo mwenyewe.