Nusu ya Mbuga Aliyoiona Nyalusi

Aketiye na mkwe huona nusu ya mbuga. Niliwasikia mkiicheka methali hii jana pale harusini, yule mzee alipomtupia bwana harusi, nanyi mkagongana mabega kama mbuzi wa mnadani. Sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, wekeni simu zenu chini, hazitaota miguu. Methali hii ilianza hivi.

Ng'ambo ya mto wetu kuna hifadhi ya wanyama. Wazee wa zamani waliiita shamba la bibi, ingawa bibi ninayemjua mimi hajavuna humo hata tango. Watu wa kijiji cha Makolongo waliishi kando yake miaka nenda rudi bila kuingia. Tembo waliwajua kwa nyayo zilizoachwa mahindini, simba waliwajua kwa sauti. Waliokwenda kutazama wanyama ni Wazungu, wamevaa nguo za rangi ya vumbi, na watu wa kijijini wakatoka kuwatazama Wazungu. Kila mtu na utalii wake.

Katika kijiji hicho aliishi kijana mmoja, Nyalusi, mtu wa kazi na maneno machache. Alimwoa Twilumba, binti wa Bi Sechavala, na walipendana mpaka ikawa aibu kuwapitia sokoni. Lakini msimu tunaousimulia, Nyalusi alikuwa akilala peke yake, na sababu yake ilikuwa kigoda.

Ngojeni niwaeleze, maana nyinyi mnapiga picha na wakwe zenu mmetoa meno yote. Wakati ule mume wa binti na mama mkwe hawakutazamana. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Wakikutana njiani, kijana aliingia majanini mama apite. Hakumsemesha uso kwa uso, hakula mbele yake, hakumshika mkono, na wala hakukaa mahali alipotoka kukaa yeye. Sasa ukatokea msiba. Nyalusi alitoka kuchimba kaburi, mgongo umekatika, akaona kigoda kitupu penye kivuli cha turubai, akajibweteka. Kumbe Bi Sechavala alikuwa ameinuka hapo muda si muda, kwenda kuonja chumvi kwenye maharage. Aliporudi akamkuta mkwewe juu ya kigoda ambacho bado kina joto lake. Hakusema neno. Mwanamke asiyesema neno mwogopeni.

Kesho yake akamwita Twilumba nyumbani, eti akamsaidie kupukuchua mahindi. Mahindi yakapukuchuliwa, yakasagwa, yakaliwa, Twilumba hajarudi. Nyalusi akatuma wazee. Wakarudi na jibu kwamba binti atarudi siku mama atakapoona kuwa mkwewe ana adabu, na akikosea tena asijisumbue kutuma mtu.

Basi Nyalusi akawa anatembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Akiona kitenge chochote kwa mbali, anaingia majanini. Siku moja aliingia majanini kumpisha mwalimu wa kike aliyehamia juzi, na mwalimu wa watu akadhani kijiji kizima kinamkimbia.

Ndipo wakubwa wa hifadhi walipoalika vijiji vya jirani, watu wakawaone wanyama mchana kwa wema, badala ya usiku kwa kupiga madebe. Makolongo ikachagua wajumbe. Nyalusi alichaguliwa kwa sababu ya kulinda mashamba. Bi Sechavala alichaguliwa na kina mama kwa sababu hakuna aliyethubutu kutomchagua. Yaliletwa magari mawili, moja la wanaume na jingine la wanawake, kwa hiyo watu hawakuona tatizo. Lakini gari la wanawake lilipofika getini likakohoa, likatoa moshi, likalala. Wanawake wakagawiwa nafasi katika gari la wanaume. Mlango ukafunguliwa, akapanda Bi Sechavala na kitenge chake kipya, akaketi upande wa kushoto, dirishani.

Nyalusi alikuwa upande wa kulia. Alipotaka kuruka chini, mtani wake Kikoti akamshika shati. Kikoti alikuwa mtu wa kucheka hata matangani, lakini hapo alisema jambo la maana. Alimwambia kwamba akishuka, watu watasema amemkimbia mama wa watu kama mwenye upele. Nyalusi akapima. Kubaki ni hatari, kushuka ni hatari. Akabaki. Akashusha kofia upande wa kushoto wa uso mpaka ikafunika jicho, akageukia dirisha lake, akatulia hivyo kama picha ya kitambulisho iliyopigwa vibaya.

Nanyi mnajua mambo yalivyo. Wanyama wote wa siku hiyo walikaa kushoto.

Dereva, mgeni wa mjini aliyeitwa Kiyeyeu, alikuwa akisimamisha gari na kunyoosha kidole, na kidole hakikuelekea kulia hata mara moja. Simba walikuwa kushoto, jike na watoto wake wamelala chali kama walevi. Pundamilia kushoto. Chui, ambaye watu hulipa nauli ya ndege kuja kumtafuta na wasimwone, alikuwa juu ya mti kushoto, mkia unaning'inia. Gari zima lilielemea huko. Nyalusi peke yake alitazama kulia, na kulia kulikuwa na nyasi. Aliona kichuguu. Aliona kwale anavuka na vifaranga wake. Aliona ngiri anakimbia mkia juu, naye akahisi kama ngiri yule ana haraka ya kwenda kushoto.

Kikoti hakumwacha. Kila mnyama alimsimulia sikioni, masharubu na makucha, na akimaliza anamuuliza kama nyasi za leo ni nzuri. Mwishowe akapaza sauti watu wote wasikie.

"Jamani, nimegundua jambo," akasema. "Aketiye na mkwe huona nusu ya mbuga."

Gari likacheka. Hata Kiyeyeu alicheka, ingawa hakujua linalochekwa. Bi Sechavala hakucheka. Alikuwa akimtazama chui, na labda alikuwa akisikiliza kwa mgongo, kama wanawake wa umri wake wanavyoweza.

Jua lilipopinda walifika mahali palipoinuka juu ya mto, ambapo wageni huruhusiwa kushuka na kula. Kiyeyeu akawaonya wasiende mbali na gari, na wasichukue chochote cha hifadhi, hata jani. Watu wakakimbilia ukingoni kuona viboko. Mama mkwe naye alikwenda huko, kwa hiyo Nyalusi alikaa nyuma ya gari, akawapa viboko mgongo, akatafuna kiazi chake akitazama kichaka.

Lakini Bi Sechavala hakukaa sana na viboko. Viboko aliwaona, akaona wamenenepa, ikatosha. Kilichomvuta ni mlenda. Uliota bondeni pembeni, kwenye njia inayoshuka mtoni, mlenda laini ambao haujawahi kukutana na mbuzi. Neno la Kiyeyeu kuhusu majani alilisikia vizuri. Alilichukulia kuwa ni la watu wasiojua mboga. Akateremka polepole, akainama, akaanza kuchuma na kutia kwenye upindo wa kitenge.

Hakujiuliza ile njia ilikanyagwa na nani.

Nyalusi alimwona kule bondeni na mara moja akageuza uso. Kisha akaurudisha, maana kichaka alichokuwa akikitazama kilikuwa na masikio. Alikuwa tembo jike, amesimama kimya kama nyumba, na ndama miguuni pake. Nyuma yake kulikuwa na migongo mingine. Walikuwa wanakwenda kunywa maji kwa njia yao ya siku zote, na katikati ya njia hiyo alikuwa ameinama mama yake Twilumba.

Nyalusi akamwita Kikoti. Kikoti akapunga mkono bila kugeuka, akamwambia aje aone kiboko anavyopiga miayo. Akamwita tena, lakini kelele za watu na za mto zikameza sauti. Hakukuwa na mtu wa kumtuma. Sasa, kwa desturi, mkwe asipopata wa kumtuma huongea na kitu, na kitu ndicho kinachofikisha. Palikuwa na mti wa mgunga. Nyalusi akasogea, akakaza macho kwenye gome lake.

"Ewe mgunga," akasema, "mwambie anayechuma mboga kwamba nyuma yake kuna wenyewe."

Bi Sechavala hakuinua kichwa. "Ewe mgunga, mwambie anayesema kwamba nitawaachia mizizi."

"Mgunga, mwambie sisemi askari. Nasema tembo. Ana mtoto."

"Mgunga, mwambie asinitanie. Mtani wangu simwoni hapa."

Na akachuma shina jingine.

Tembo akainua mkonga, akanusa, akafungua masikio. Nyalusi akauangalia mgunga. Aliona kwamba akiendelea kuongea na mti, adabu yake itabaki nzima na mama mkwe atabaki vipande. Akaona pia jambo la pili, kwamba akimsemesha yule mama uso kwa uso, Twilumba ndiyo basi tena. Alisimama kati ya mambo hayo mawili kwa muda wa kumeza mate. Halafu akavua kofia, akateremka bondeni mpaka mbele yake.

"Mama," akasema, akimtazama machoni. "Acha mboga. Usikimbie. Nipe mkono."

Bi Sechavala akainuka. Kwanza aliona uso wa mkwewe, ambao hakuwahi kuuona vizuri, na mdomo ulimfunguka kwa hasira. Kisha akageuza shingo, akaona kilicho nyuma yake mwenyewe, na mdomo ukajifunga wenyewe. Akatoa mkono. Nyalusi akaushika, akajiweka yeye upande wa tembo, wakatoka njiani kwa kwenda upande, taratibu, kama watu wanaobeba kabati. Tembo akapiga hatua kuwafuata. Akatimua vumbi, akatikisa kichwa, akasimama. Nao hawakukimbia. Walipofika kwenye mawe nje ya njia, tembo aliwatazama kidogo, kisha akashusha masikio, akampisha ndama atangulie mtoni. Ukoo wote ukapita, wakubwa kwa wadogo, wakakanyaga mlenda wa Bi Sechavala bila hata kuutazama.

Wakati huo watu wa ukingoni walikuwa wamegeuka. Walichokiona ni Nyalusi na mama mkwe wake, wameshikana mikono mchana kweupe.

Walirudi garini. Kiyeyeu alitaka kumsifu kijana, lakini mwenyekiti wa kijiji akamkanyaga mguu. Nyalusi alirudi dirishani kwake, na sasa hofu yake haikuwa ya tembo. Alikuwa amemsemesha, amemtazama, amemshika. Kigoda kilikuwa kitu gani mbele ya hayo? Aliangalia nyasi zikipita na kufikiria nyumba yake ilivyo kubwa mtu akiwa peke yake.

Walikaribia geti jua likiwa limelegea. Kiyeyeu akasimamisha gari, akanyoosha kidole. Kushoto, bila shaka. Watu wakaelemea, lakini kwa adabu, kama matangani. Ndipo Bi Sechavala akakohoa.

"Kikoti."

"Naam, mama."

"Mwambie mwenzako ageuze shingo kabla haijakauka. Huku kuna twiga."

Kikoti akababaika. "Mama, atageukaje, nawe uko huko huko?"

"Mimi nimefumba macho."

Na kweli alikuwa amefumba, amekaza kope kama mtoto anayehesabu kwenye mchezo wa kujificha. Nyalusi hakuthubutu kusogea. Alidhani ni mtego.

"Mwambie afanye haraka," akasema Bi Sechavala. "Twiga nawapenda mimi pia. Na akimaliza kutazama, mwambie binti yangu anakula sana. Aje amchukue kabla ghala langu halijaisha."

Nyalusi akageuka. Alimwona mama mkwe wake amefumba macho, mikono mapajani, na nje ya dirisha lake aliwaona twiga, shingo juu ya migunga, wanatafuna bila haraka kama wanaosikiliza kesi ya watu wengine. Aliwatazama mpaka macho yakamlowa, ingawa baadaye alisema ni vumbi. Kisha akarudisha uso kulia.

"Kikoti," akasema, "mwambie ahsante. Nimeona."

Bi Sechavala akafumbua macho, akawatazama twiga wake. Walipokuta nyumbu mbele kidogo, akafumba tena bila kuambiwa. Wakawa wanapokezana hivyo mpaka getini.

Msidhani kosa lilisamehewa bure. Nyalusi alipokwenda kumchukua mkewe alibeba jogoo, wa kuuosha ule mkono, kwa kuwa kosa ni kosa hata likikuokoa uhai. Bi Sechavala alimpokea jogoo kwa kupitia mtoto wa jirani, akamla, na akalalamika kwamba alikuwa mgumu.

Maneno ya Kikoti yalivuka mto, yakavuka vijiji, na yakafika hadi harusini kwenu. Vijana huyatumia kumcheka mtu ambaye heshima inamnyima uhondo. Lakini kule Makolongo waliokuwemo garini waliyasema taratibu, wakikumbuka kwamba tembo alikuwa amesimama katika ile nusu aliyoitazama Nyalusi peke yake, na nani alifumba macho ili nusu iliyobaki ionekane. Basi mkirudi harusini, mkisikia yule mzee anamwambia tena bwana harusi, tazameni kwanza kama anacheka au anamwombea. Aketiye na mkwe huona nusu ya mbuga.