Kwa Nini Watu wa Kwamsembe Husema Kipilefti

Ilikuwa miaka ambayo njia panda ya Kwamsembe haikuwa na kitu katikati yake isipokuwa vumbi. Barabara nne zilikutana hapo, chini ya milima ya Upare. Ya kwanza ilishuka kutoka milimani ikileta tangawizi, ndizi na mbao. Ya pili ilitoka kwenye mashamba ya mkonge, ya tatu ilikwenda stesheni, na ya nne ilipotelea mbugani kwa wafugaji. Neno kipilefti lilikuwa halijazaliwa. Mtu angelisikia siku hizo angedhani ni jina la mdudu.

Aliyefika njia panda alipita kwa ubavu wake. Mwenye lori alipita kabla ya mwenye punda, na mwenye miguu yake miwili alisubiri mpaka apate nafasi. Hatari ilikuwa pale walipokutana waliolingana, maana hakuna aliyekubali kuonekana mdogo mbele ya mwenzake.

Namkunda alilijua hilo kuliko wengi. Mumewe, Elisamia, alikuwa msukuma mkokoteni, mtu wa kifua kipana na vichekesho vingi. Asubuhi moja ya masika lori la mkonge na lori la mbao yalifika njia panda kwa pamoja, madereva wakatazamana, na kila mmoja akakanyaga mafuta. Elisamia alikuwa katikati yao na magunia sita ya tangawizi. Hakufa, ila nyonga ilivunjika vibaya, na tangu hapo akawa mtu wa kuketi barazani akisokota kamba. Namkunda akachukua birika na meza, akaanza kuuza chai palepale njia panda, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine penye wateja. Alimimina chai kila siku akitazamana na mahali mumewe alipoangukia.

Ajali ile iliugawa mji. Watu wa milimani walisema dereva wa mkonge ndiye mkosaji. Watu wa mkonge, ambao wengi wao walikuwa wageni kutoka kusini, walisema kosa ni la dereva wa mbao. Gulio la Alhamisi likawa na pande mbili, na mtu wa upande huu hakununua hata chumvi upande wa pili. Aliyeumia zaidi moyoni ni Mzee Sekiete, baba yake Elisamia. Alikuwa akishuka kutoka milimani kila gulio na punda wake, anafika njia panda, anatema mate upande wa mkonge, kisha anaendelea na safari yake.

Ndipo alipokuja msimamizi wa barabara na vibarua wake. Walifanya kazi siku tisa. Wakapanga mawe makubwa kwa duara katikati ya njia panda, duara pana kama nyumba, wakayapaka chokaa, na ndani yake wakajaza udongo. Mwishowe wakasimamisha nguzo nne, kila moja ikitazama barabara yake, na juu ya kila nguzo wakapigilia bati lenye maandishi meupe. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Msimamizi aliwaambia watu waliokuwa wakinywa chai, “Lifuateni bati, mtakuwa salama.” Kesho yake alipanda gari akaenda kujenga daraja mahali pengine, na hakuna aliyemwona tena.

Watu wakabaki na bati. Wako waliosema ni jina la mwenye mawe, na wengine wakasema ni onyo la ugonjwa wa ng'ombe. Namkunda alikuwa amesoma miezi mitatu katika darasa la watu wazima la misheni, na herufi alizijua. Wateja walipopungua alisimama mbele ya nguzo, akaziunganisha kama alivyofundishwa kuunganisha maneno ya Kiswahili, polepole, mdomo ukitembea. Ke. E mbili zilimgomea ulimini mpaka zikawa i. Kip. Le. Ft. Zile za mwisho zilimsumbua, maana hazikuwa na irabu ya kuzikalisha, akaziongezea yake. Jioni alimwambia mumewe, “Nimelisoma. Linasema kipilefti.”

“Maana yake?” aliuliza Elisamia.

“Maana sijui. Ila ndivyo linavyosema.”

Elisamia alicheka, na Namkunda akafurahi, kwa kuwa alikuwa hajamsikia akicheka tangu masika. Watoto wa jirani wakalidaka neno, na kabla ya wiki kwisha waliotumwa dukani walikuwa wakielekezwa kukata kona kwenye kipilefti. Lilikuwa jina tu wakati huo, la rundo la mawe ambalo kila dereva alilipita upande aliotaka.

Jumbe wa mji aliona aibu kukaa na amri ya serikali asiyoijua, akamwita karani wa mahakama, kijana aitwaye Nathanaeli, aliyesoma mpaka darasa la nne. Watu wakakusanyika. Nathanaeli akalitazama bati, akalitafsiri neno kwa neno kama alivyozoezwa. “Linasema, shika kushoto.”

Watu wakaguna. Ikumbukwe kwamba kwa watu wale mkono wa kushoto haukuwa mkono wa heshima. Hukumpa mtu kitu kwa kushoto, hukula kwa kushoto, na ukimpungia mzee kwa kushoto umemtukana na ukoo wake wote. Mzee Sekiete akasimama, akajishikiza kwenye fimbo yake.

“Mwanangu kavunjwa hapa,” alisema. “Nilingoja waje waseme pole. Wametuletea bati la kutuambia tushike kushoto. Haya ni matusi, na anayetutukana namjua.” Akaelekeza fimbo kwenye barabara ya mkonge.

Karani alijaribu kueleza, lakini hakuna aliyemsikiliza tena. Kuanzia siku hiyo watu wa milimani walipita kulia kwa makusudi, hata pale ambapo kushoto kulikuwa karibu. Wiki ile yalikwaruzana magari mawili na mbuzi mmoja akakanyagwa. Kisha ikajulikana kwamba Mzee Sekiete na wanaume kumi na wawili watashuka Alhamisi na mitaimbo, wang'oe nguzo na kuyatupa mawe mtoni.

Namkunda hakulala vizuri siku zile. Mkamwana hambishii baba mkwe, hata macho hamwinulii, na Mzee Sekiete hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeuza ng'ombe wake pekee kumlipia Elisamia hospitali. Lakini kila alipofikiria njia panda ikirudi kuwa tupu, aliuona tena ule mkokoteni umelala ubavu na tangawizi zimetapakaa barabarani. Alimweleza mumewe. Elisamia aliiweka kando kamba aliyokuwa akisokota.

“Baba anapigana kwa ajili yangu,” alisema, “na mimi siwezi kutembea mpaka huko nikamwambie aache. Nenda wewe. Mwambie ulichosoma.”

Alhamisi gulio lilijaa mapema. Wanaume wa milimani walikuja kwa mstari, mitaimbo mabegani, Mzee Sekiete mbele na punda wake. Namkunda aliacha chai ikichemka. Akapiga goti kando ya mawe, macho chini.

“Shikamoo, baba. Naomba useme nami kabla hamjaanza.”

Mzee alisimama. “Marahaba. Sema, mwanangu.”

“Halikuandikwa kushoto, baba. Nimelisoma mwenyewe kwa herufi zake, nguzo zote nne. Herufi za kushoto hazimo. Limeandikwa kipilefti.”

“Na hicho kipilefti ni nini?”

Namkunda alikuwa amejiandaa kusema alichosoma, na hakujiandaa kwa swali. Lakini miezi miwili tangu mawe yawekwe alikuwa ameketi pale akiyatazama magari, na alikuwa ameona jambo ambalo hakuwahi kulisema. Madereva wachache wa mbali, waliopita wakienda pwani, wote walilizunguka duara kwa namna moja, na hao hawakugongana hata mara moja. Alikuwa akiwaona madirishani wakipita, na mawe daima yalikuwa upande wao ule ule.

“Kipilefti ni haya mawe,” alisema. “Yanazungukwa. Na anayeyazunguka huyapa mkono wa kulia.”

Wanaume walitazamana. Mzee Sekiete aliinamisha kichwa kama mtu asiyesikia vizuri. “Mkono wa kulia?”

“Wa kulia, baba. Mawe yawe kulia kwako mpaka ufike barabara yako.”

Wakati huo lori la mkonge lilikuwa linapanda kutoka mashambani, na kutoka milimani lilikuwa linashuka lori la mbao. Watu waliyaona yote mawili, wakaanza kusogeza vikapu na watoto. Namkunda akainuka. Hakujipa muda wa kuogopa. Akaanzia pale barabara ya mkonge inapoingilia, akaunyosha mkono wa kulia mpaka vidole vikagusa chokaa, akaanza kutembea akilizunguka duara, si haraka wala si polepole, kama mwanamke anayepita mbele ya wageni.

Dereva wa mkonge alikuwa Mngoni mmoja aitwaye Chilumba, yule yule wa asubuhi ile ya masika. Aliona mgongo wa mwanamke mbele yake, akapunguza mwendo, na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine akamfuata nyuma pole pole, mawe yakiwa kulia kwake. Dereva wa mbao alifika, akakuta ndani kuna mtu na gari, akakanyaga breki. Injini ilinguruma. Kila mtu alijua ni gari gani hilo na mara ya mwisho lilifanya nini. Lakini dereva alibaki pale pale, mkono nje ya dirisha, mpaka Chilumba alipotoka kwenda stesheni. Ndipo naye akaingia, akazunguka, akatoka. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Namkunda alipomaliza mzunguko aliketi juu ya jiwe. Mzee Sekiete akamshika punda wake kamba, akaunyosha mkono wake wa kulia uliokunjamana, akalizunguka duara lote taratibu mpaka akarudi alipoanzia. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa chokaa. Akavitazama.

“Punda kaelewa,” alisema. “Karani ndiye arudi shule.”

Watu wakacheka, na mitaimbo ikashushwa chini. Mzee akaagiza chai. Chilumba aliporudi kutoka stesheni alisimamisha lori, akashuka, kofia mkononi, akamwendea mzee na kumwambia kwamba kwa muda mrefu alitaka kuja kusema pole kwa habari ya kijana, ila aliogopa. Walikunywa chai meza moja. Hawakuwa marafiki siku hiyo, ila Alhamisi iliyofuata mwanamke mmoja wa mkonge alinunua ndizi upande wa milimani, na gulio likaanza kushonana tena.

Kabla ya vuli Elisamia alishushwa njia panda juu ya mkokoteni wake mwenyewe, ndugu zake wakisukuma. Aliomba wamzungushe mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amefumba macho na mkono wake umenyooka nje, na Namkunda alimtazama akiwa na birika mkononi mpaka akasahau kwamba mteja alikuwa akingoja.

Hivyo ndivyo amri ya Kiingereza, keep left, ilivyovua kushoto kwake na kuwa kitu. Kwanza lilikuwa jina la mawe yale peke yake. Mji ulipokua na kupata duara la pili kule stesheni, watu wakasema sasa tuna vipilefti viwili, kana kwamba neno lilizaliwa humu humu pamoja na kikapu na kisima. Miji mingine bila shaka ina masimulizi yake ya namna neno hili lilivyoifikia. Hili ndilo la Kwamsembe.

Na tokea Alhamisi ile, wenyeji wa pale hawamwambii dereva mgeni ashike kushoto. Humwambia ayape mawe mkono wa kulia, na yeye hujikuta kushoto bila kutukanwa. Mabati yenyewe yamekwisha kuliwa na kutu, na vijana waliosoma wanajua vizuri yalichosema, nao wameligeuza neno kwa mara nyingine. Katika vikao vya mji, wawili wakianza kukatizana maneno, hakuna anayewaambia wanyamaze. Mtu mmoja husema tu, taratibu, “Jamani, kipilefti.” Yule aliyekwisha kuingia humaliza maneno yake, na mwingine humsubiri, akijua kwamba zamu yake inakuja.